Miezi 36: Jinsi Mwanajeshi wa Zamani wa Marekani Anavyolipia Shule ya Uuguzi

Serikali ya Marekani humlipia mwanajeshi wa zamani masomo ya uuguzi kwa kumkatia miezi. Sheria iitwayo Post-9/11 GI Bill, iliyopitishwa mwaka 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 2009, humpa aliyetimiza masharti miezi 36 ya masomo. Katika miezi hiyo ada, posho ya nyumba na fedha za vitabu hutoka katika hazina ya taifa. Mwaka mmoja wa chuo una takriban miezi 9 ya darasani, hivyo miezi 36 hutosha miaka 4, na shahada ya kwanza ya uuguzi huchukua miaka 4. Kwenye karatasi hesabu imekaa sawa. Huvurugwa na jinsi elimu yenyewe ya uuguzi ilivyopangwa: yapo masomo ya kutangulia, ipo foleni ya kusubiri nafasi, ipo mihula ya kurudiwa, na kila kimoja hula miezi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya sura hii inahusu mpangilio, yaani fedha ipi itumike lini.

Chimbuko la msaada huu ni mwaka 1944. Wakongwe wa Vita ya Kwanza ya Dunia walikuwa wamerudi nyumbani bila la maana, na mwaka 1932 maelfu yao walipiga kambi Washington kudai bonasi waliyoahidiwa, wakaishia kutimuliwa na jeshi lilelile walilolitumikia, likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur. Vita ya Pili ilipokuwa ukingoni, chama cha wakongwe cha American Legion hakikutaka aibu hiyo ijirudie. Mmoja wa viongozi wake wa zamani, mwanasheria Harry Colmery wa Kansas, aliandika rasimu ya sheria mpya, GI Bill ya kwanza, akiwa katika hoteli ya Mayflower jijini Washington, na Rais Franklin D. Roosevelt akaitia saini tarehe 22 Juni 1944. Kufikia mwaka 1956, wanajeshi wa zamani wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa fedha hizo.

Uuguzi ulipata sehemu yake kwa njia isiyo sawa. Wanawake waliokuwa wauguzi wa jeshi walihesabiwa kuwa wanajeshi, na baadhi yao walirudi chuoni kutafuta shahada. Wanaume waliofunga majeraha vitani walikuta mlango nusu wazi: kikosi cha wauguzi cha Jeshi la Nchi Kavu hakikumpokea afisa mwanamume hadi mwaka 1955, na shule nyingi za kiraia za uuguzi ziliwahesabu wanaume kama wageni waliopotea njia. Lilikuwepo pia kundi la wasichana waliosomea uuguzi, Cadet Nurse Corps, lililoanzishwa mwaka 1943 kwa juhudi za mbunge Frances Payne Bolton wa Ohio. Serikali iliwalipia wasichana hao ada yote, ikawapa sare na posho, na zaidi ya 120,000 wakahitimu. Lakini hawakutambuliwa kuwa wanajeshi wa zamani, hivyo GI Bill haikuwagusa. Wale waliobeba hospitali za kiraia wakati wauguzi wenye uzoefu wamepelekwa vitani ndio waliotolewa nje ya hesabu.

Nani anapata, na kiasi gani

Kiwango cha msaada hutegemea muda aliotumikia mtu tangu tarehe 11 Septemba 2001. Aliyefikisha miezi 36 ya utumishi kamili hupata asilimia 100. Aliyetumikia kati ya miezi 18 na 24 hupata asilimia 70, na aliyefikisha siku 90 tu hupata asilimia 50. Aliyetunukiwa nishani ya Purple Heart kwa kujeruhiwa vitani hupewa zote bila kuangaliwa muda, na vivyo hivyo aliyeachishwa kwa ulemavu uliotokana na kazi baada ya siku 30 mfululizo.

Neno moja kwenye hati ya kuachishwa jeshini, iitwayo DD-214, linaweza kufuta yote haya. GI Bill hudai aliyeondoka kwa heshima kamili. Yupo aliyeondoka kwa daraja linalofuata, ambalo kwa jina linasikika karibu sawa na la kwanza, naye hutibiwa katika hospitali za wanajeshi wa zamani na kupata mkopo wa nyumba, lakini ada ya chuo hapati. Mwenye hati ya namna hiyo anaweza kuomba bodi ya jeshi lake ipandishe daraja. Ni kazi ya miezi, pengine zaidi ya mwaka, na ni busara kuianza kabla ya kuomba nafasi chuoni.

Askari wa akiba na wa Walinzi wa Taifa wako katika hali tofauti, na hapa ndipo wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki hujikwaa. Katika miji kama Lowell huko Massachusetts na katika vitongoji vya Minneapolis na Dallas, Wakenya wengi hufanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, ile inayojulikana kwa herufi CNA, na baadhi yao hujiunga na jeshi la akiba kwa matumaini kwamba litawalipia shule ya unesi. Mazoezi ya wikendi hayahesabiki katika Post-9/11 GI Bill. Kwa mwenye utumishi wa chini ya miezi 24, hata mafunzo ya awali ya ukuruta hayahesabiki. Asiyewahi kuitwa kazini kwa amri ya serikali kuu hubaki na mpango mwingine uliotengwa kwa askari wa akiba waliojifunga kwa miaka 6, ambao mwaka 2024 ulikuwa ukitoa chini ya dola 500 kwa mwezi, pungufu kabisa ya gharama ya maisha ya mwanafunzi wa uuguzi. Uraia, kwa upande mwingine, si sharti la GI Bill. Mwenye kadi ya ukaazi huruhusiwa kujiunga na jeshi, na wanaotumikia katika kipindi hiki kinachohesabiwa kuwa cha vita huweza kuomba uraia bila kungoja miaka 5 ya kawaida. Kati ya mwaka 2009 na 2016 ulikuwepo hata mpango maalumu uitwao MAVNI, uliochukua wageni wasio na kadi hiyo kwa sababu ya utaalamu wa tiba au lugha zao, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa.

Fedha zenyewe

Katika chuo cha umma, mwenye asilimia 100 hulipiwa ada yote ya mkazi wa jimbo. Tangu sheria ya mwaka 2014, vyuo vya umma vinavyotaka kuendelea kupokea fedha za VA, yaani Wizara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, vinapaswa kumtoza mwanajeshi wa zamani ada ya mkazi hata kama amehamia jana. Katika chuo binafsi kuna kikomo cha taifa, ambacho kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kilikuwa karibu dola 29,000. Pale ada inapozidi hapo, chuo kilichojiunga na mpango wa Yellow Ribbon huondoa sehemu ya tofauti na VA huongeza kiasi kilekile. Mpango huo ni kwa wenye asilimia 100, na baadhi ya vyuo huweka idadi ya nafasi. Hata pale chuo kinaposhiriki, shule yake ya uuguzi inaweza kuwa na mgawo wake peke yake, kwa hiyo swali liulizwe kwa ofisi ya uuguzi moja kwa moja.

Vitabu hupewa hadi dola 1,000 kwa mwaka. Posho ya nyumba hukokotolewa kwa kiwango cha posho ya sajenti wa ngazi ya E-5 mwenye familia, kwa kufuata eneo la posta lilipo jengo analosomea mwanafunzi. Mtu akisomea San Francisco hupata zaidi ya maradufu ya anayesomea mji mdogo wa Mississippi. Anayesoma kwa intaneti pekee hupata nusu ya wastani wa taifa. Akichukua hata somo moja la darasani, hurudishwa kwenye kiwango cha eneo la chuo. Anayesoma nusu ya mzigo au chini ya hapo hapati posho kabisa. Wakati wa likizo kati ya mihula hakuna kitu, kwa hiyo Januari huwa na malipo ya nusu mwezi huku mwenye nyumba akidai kodi kamili.

Yapo matumizi ambayo hayamo kwenye orodha yoyote ya GI Bill: sare, stetoskopu, chanjo, upekuzi wa rekodi za jinai, kipimo cha dawa za kulevya, na mafuta ya gari la kwenda hospitali ya mafunzo iliyo umbali wa saa nzima saa 11 alfajiri. Hayo hutoka kwenye fedha za vitabu au mfukoni.

Mahali miezi inapopotelea

Kuwa muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni shahada ndogo ya uuguzi katika chuo cha jamii, iliyoandikwa kuwa ya miaka 2. Ya pili ni shahada kamili ya miaka 4. Zote mbili huishia kwenye mtihani mmoja, NCLEX-RN, na leseni moja. Lakini ile miaka 2 ya chuo cha jamii huanza kuhesabiwa baada ya kupokelewa, na ili kupokelewa mwombaji anatakiwa awe amemaliza anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, uandishi, saikolojia, na mara nyingi kemia au takwimu. Hayo pekee ni mihula 2 au 3. Kisha kuna foleni. Vyuo vya jamii vina walimu wachache wa uuguzi na nafasi chache za mafunzo hospitalini, hivyo mwombaji mwenye alama nzuri anaweza kungoja mwaka mzima. Akiwa anangoja, kishawishi ni kuchukua masomo ya kujazia ili posho ya nyumba isikatike. VA hulipia tu masomo yanayohitajika katika programu aliyosajiliwa, na hata yale yanayokubalika huondoa miezi. Wapo wanaoingia mwaka wa kwanza wa uuguzi wakiwa wamebakiwa na miezi 15.

Tuchukue askari aliyetumikia miaka 4 na kuanza na miezi 36 kamili. Akilipia masomo ya kutangulia kwa GI Bill, mihula 3 ya miezi 4 na nusu, anatumia karibu miezi 14. Mihula 4 ya uuguzi inakula 18. Amebakiwa na miezi 4, na shahada kamili bado. Mwenzake aliyemaliza yale ya kutangulia kabla ya kuacha jeshi, kwa fedha za masomo ambazo jeshi huwapa walio kazini, anafika kwenye leseni akiwa na miezi 18 mkononi. Watu hao wawili wana haki ileile kisheria.

Walio bado kazini wana faida nyingine isiyotumiwa inavyostahili: mitihani ya CLEP na DSST, ambayo mwanajeshi hufanya mara ya kwanza bila kulipa na ambayo vyuo vingi huikubali badala ya masomo kama uandishi, saikolojia na makuzi ya binadamu. Anatomia na mikrobiolojia hazipatikani kwa njia hiyo. Tena masomo ya sayansi huchacha: shule nyingi za uuguzi hukataa anatomia iliyosomwa zaidi ya miaka 5 au 7 iliyopita. Kwa hiyo askari aliyebakiwa na miaka mingi ya mkataba afanye yale ya jumla mapema na kuacha sayansi kwa miezi ya mwisho.

Kwa aliyekwisha kutoka jeshini, fedha ya kulipia masomo ya kutangulia ipo mahali ambapo wengi hawatazami. Ruzuku ya Pell, inayotolewa na Wizara ya Elimu kwa wenye kipato kidogo, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–2025, na ada ya mwaka katika vyuo vingi vya jamii ni chini ya hapo. Fomu yake, FAFSA, humhesabu mwanajeshi wa zamani kuwa anajitegemea hata akiwa na miaka 22, yaani kipato cha wazazi hakiulizwi. Fedha za GI Bill nazo hazihesabiwi kuwa kipato. Anayeweza kuishi kwa kazi ya muda na Pell katika mwaka wa kutangulia huiacha miezi yake 36 bila kuguswa.

Njia ya tatu ni kwa mwenye shahada ya fani nyingine. Programu za kuharakisha humpa shahada ya uuguzi kwa miezi 12 hadi 18 bila mapumziko. Ada yake katika vyuo binafsi ni kubwa, lakini kwa kuwa GI Bill hukata muda, programu ya miezi 15 inayogharimu sana hutumia miezi michache kuliko ya bei nafuu inayovutwa miaka 3. Mwenye Yellow Ribbon hupata hapa thamani kubwa kuliko popote.

Kwa mwenye ulemavu wa kijeshi

Mpango wa Veteran Readiness and Employment, ambao wanajeshi huuita Sura ya 31, ni wa waliopimwa na VA na kukutwa na ulemavu uliotokana na utumishi wa angalau asilimia 10, unaowazuia kupata au kudumu katika kazi inayowafaa. Mpango huu hulipa ada bila kikomo cha vyuo binafsi, na hulipa vitabu vyote, sare, stetoskopu na vifaa vingine ambavyo shule inamtaka kila mwanafunzi awe navyo. Mwenye haki ya Post-9/11 iliyosalia anaweza kuchagua posho ya kiwango cha juu. Hauhitaji hati ya heshima kamili. Aliyeachishwa kwa aibu ndiye anayefungiwa.

Ugumu wake ni mshauri. Hapa hakuna haki ya moja kwa moja kama kwenye GI Bill: mshauri wa VA lazima akubali kwamba lengo la kazi linaendana na mwili wa mwombaji. Mtu mwenye mgongo ulioumia akisema anataka kuwa nesi wa wodi, wa kunyanyua na kugeuza wagonjwa saa 12 kwa zamu, mshauri ana sababu ya kukataa. Mwombaji aliyejiandaa huja na maelezo ya kazi za uuguzi zisizohitaji kunyanyua: usimamizi wa matibabu ya wagonjwa, ushauri wa afya kwa simu, afya ya akili, taarifa za kitabibu. Kukataliwa kunaweza kukatiwa rufaa.

Majimbo, mikopo na vyuo vya kibiashara

Baadhi ya majimbo yana sheria zake. Texas, kwa Sheria ya Hazlewood, humsamehe mwanajeshi wa zamani aliyeingia jeshini kutoka jimbo hilo ada ya vyuo vya umma hadi krediti 150, na krediti asizozitumia huweza kumpa mtoto. Wisconsin husamehe hadi krediti 128 au mihula 8, na Illinois ina ruzuku yake ya miaka 4. Sheria hizi hazitoi posho ya nyumba, lakini huifaa hasa miaka ile ya kutangulia.

Aliyemaliza miezi yake akiwa katikati ya shahada anaweza kuomba Ufadhili wa Edith Nourse Rogers, unaotoa hadi miezi 9 ya ziada au dola 30,000 kwa masomo ya sayansi, afya ikiwemo. Lazima awe amefikisha krediti 60 na abakiwe na miezi isiyozidi 6. Nje ya VA kuna Nurse Corps ya serikali kuu, inayolipa ada na posho kwa ahadi ya kufanya kazi angalau miaka 2 katika kituo chenye upungufu mkubwa wa wauguzi. Kwa aliyekwisha kukopa, mpango wake mwingine hufuta asilimia 60 ya deni kwa miaka 2 ya kazi, na asilimia 25 zaidi kwa mwaka wa tatu.

Vyuo vya kibiashara, yaani vinavyoendeshwa kwa faida, vinahitaji tahadhari. Kwa miaka mingi sheria ilivitaka vipate angalau asilimia 10 ya mapato nje ya fedha za Wizara ya Elimu, na GI Bill ilihesabiwa katika hiyo asilimia 10. Kila mwanajeshi mmoja aliyesajiliwa alivipa nafasi ya kusajili wengine kwa mikopo ya serikali, kwa hiyo viliwawinda wanajeshi hadi kambini. Bunge lilifunga mwanya huo mwaka 2021, na utekelezaji ukaanza 2023. Mtandao wa ITT Tech, uliokuwa na shule ya uuguzi, ulifunga milango ghafla Septemba 2016. Sheria ya mwaka uliofuata, iliyopewa jina la Colmery, ndiyo iliyowarudishia miezi waliopoteza kwa vyuo kufungwa. Kabla ya kusaini chochote, mwombaji athibitishe mambo mawili: kwamba bodi ya uuguzi ya jimbo imeidhinisha programu hiyo, na kwamba ina ithibati ya ACEN au CCNE. Bila la kwanza hakuna NCLEX. Bila la pili vyuo vingi vitakataa kumpokea kwa shahada ya juu, na hospitali za VA nazo zitasita kumwajiri.

Uzoefu wa tiba, na kuanguka darasani

Aliyekuwa tabibu wa kikosi, wa Jeshi la Nchi Kavu au wa Wanamaji, amezuia damu chini ya risasi na kuweka dripu gizani, kisha anaambiwa aanze na somo la kutandika kitanda chenye mgonjwa. Malalamiko haya ni ya haki kwa kiasi. Tiba ya vitani ni ya dharura na ya vijana wenye afya. Uuguzi wa kiraia ni wa wazee wenye kisukari, figo na dawa kumi na mbili. Hata hivyo nakala ya mafunzo ya kijeshi, iitwayo Joint Services Transcript, ipelekwe chuoni kabla ya usajili, kwa kuwa baadhi ya shule hutoa krediti au ruhusa ya kuruka muhula. California huruhusu matabibu wa kijeshi wenye uzoefu wa kutosha wa wodini kuomba mtihani wa LVN, nesi wa ngazi ya chini ya RN, na kutoka hapo kuna njia fupi ya kupanda. Waliosomea unesi huo jeshini kwa takriban mwaka mmoja wako mbele zaidi.

Kuacha somo katikati ni ghali kuliko kulifeli, jambo ambalo huwashangaza wengi. Aliyefeli baada ya kufanya mtihani amesoma, na VA hulipa. Aliyejitoa bila sababu inayokubalika hudaiwa fedha zirudi tangu siku ya kwanza ya muhula, ingawa mara ya kwanza husamehewa hadi krediti 6. Shule za uuguzi hudai alama ya kufaulu ya juu, mara nyingi kati ya 75 na 78, na anayefeli masomo mawili huondolewa. Mwanafunzi anayeona mambo yanamharibikia amwone ofisa wa chuo anayethibitisha usajili VA kabla ya kugusa fomu ya kujitoa.

Ada ya NCLEX, dola 200, hurudishwa na VA kwa kukata sehemu ndogo ya mwezi. Aliyeachishwa jeshini tarehe 1 Januari 2013 au baadaye hana tarehe ya mwisho ya kutumia miezi iliyobaki, kwa hiyo RN wa chuo cha jamii hana haja ya kukimbilia shahada kwa GI Bill. Hospitali nyingi hulipia wauguzi wao masomo, na sheria ya kodi huruhusu mwajiri kutoa hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa. VA yenyewe, mmoja wa waajiri wakubwa wa wauguzi nchini, ina ufadhili wake kwa watumishi wake. Mwenye vipindi viwili tofauti vya utumishi anaweza kuwa na zaidi ya anavyodhani: katika kesi ya Rudisill, Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kutumia GI Bill mbili, ya Post-9/11 na iliyoitangulia, kwa mfuatano hadi miezi 48. Miezi hiyo ya ziada ina kazi katika uuguzi wa ganzi, ambao sasa huingiwa kwa shahada ya udaktari ya miaka 3 inayoifanya kazi ya muda karibu isiwezekane. Huko posho ya nyumba ndiyo humwezesha mwanafunzi kula.